Sakafu Chini ya Kitanda cha Sita

Kwa mujibu wa daftari langu, Bi Maumivu amevunjika mguu wa kushoto mara kumi na tisa, amebanwa na pumu mara thelathini na moja, na amefiwa na mume mara kumi na mbili, ingawa mume wake wa kweli ni mzima wa afya na anaishi mtaa wa pili na mke mwingine. "Hiyo mara ya kumi na mbili nilimzika kwa raha zangu," aliniambia siku moja, huku akijifuta machozi ya kuigiza na kuuliza kama chai imebaki.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Kazi yake ni kuwa mgonjwa. Chuo chetu cha uuguzi kina chumba cha mazoezi chenye vitanda vitatu, stendi za dripu, kabati la chupa za dawa zilizojazwa maji matupu, na mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima tunayemwita Bwana Mpira. Bwana Mpira anachomwa sindano na kuingizwa mirija, na moyo wake nausimamisha mimi kwa kubonyeza kitufe. Lakini Bwana Mpira hawezi kumtazama mwanafunzi usoni akamuuliza, "Mwanangu, nitapona?" Kwa hilo tunahitaji mtu. Kila asubuhi mtu huyo anapewa karatasi ya maelezo: leo wewe ni fulani, unaumwa hapa, ukiulizwa hivi jibu hivi. Mstari wa mwisho wa karatasi hizo haubadiliki: usiseme usichoulizwa. Ndiyo sheria kuu ya chumba, kwa kuwa wanafunzi wanakuja pale kujifunza kuuliza.

Mimi ndiye mtunza chumba. Natandika vitanda, nachanganya rangi ya damu, halafu nakaa nyuma ya kioo na kuandika kila dakika nani amefanya nini. Wanafunzi wameambiwa wanione kama hewa, na kusema kweli wengi hawapati shida.

Kabla ya kuja kwetu, Bi Maumivu alikuwa mfagizi wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa kwa miaka ishirini na miwili. Huko ndiko alikojifunzia kuumwa. Wanaoigiza wengine wakiambiwa wana maumivu wanapiga mayowe. Yeye hapigi. "Mtu anayeumwa kweli anakuwa na adabu," alisema. "Anakuomba radhi kwa kukusumbua." Akilala pale na kusema kwa sauti ndogo, "Samahani sista, sijui kama nafaa kukuita," wanafunzi wanatoka na macho mekundu.

Nyumbani anaishi na wifi yake, dada wa yule mume aliyehama. Kaka mtu alipoondoka, dada mtu alibaki, akasema yeye hahami kwa sababu ya upuuzi wa kaka yake. Ni fundi wa kushona, mwenye mdomo usiopumzika. Nilipopita siku moja kupeleka ratiba, nilimkuta mlangoni na cherehani yake.

"Wewe ndiye unayemlaza wifi yangu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wenzake wanaamka kwenda kazini, yeye anaamka kwenda kulala! Na jioni akirudi eti amechoka. Amechoka na nini, mto?"

Bi Maumivu alicheka. Nikaona ndani, juu ya kabati la nguo, ndoo ya bluu yenye mfuniko, mpya, ikiwa bado na karatasi ya dukani. Wifi akaniona ninavyoitazama. "Hiyo usiiulize. Ndoo ya zawadi hiyo. Haitekewi maji, haiwekewi unga, haikopeshwi. Mimi nachota maji na ndoo iliyotoboka, na ile pale imekaa kama bibi harusi."

Hapo Bi Maumivu hakucheka tena. Alichukua ratiba, akanishukuru, akaingia ndani.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja tu aliokataa kuumwa. Tuna kifaa tunachokiita tumbo. Ni tumbo la bandia ambalo anayeigiza anajifunga kiunoni, lina mfuko wa maji mekundu na mpira wa kubana kwa mkono, na kwa hilo tunawafundisha wanafunzi kumhudumia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Anayelivaa ndiye anayeamua damu itoke kiasi gani. Kwa miaka mitatu Bi Maumivu alikuwa akibadilishana zamu na mwenzake kila siku ya tumbo. Daftarini niliandika: "Hapendi tumbo. Aibu ya kulala miguu wazi." Nilijitungia sababu hiyo nikaiandika kama vile aliniambia yeye. Niliwahi hata kumtania mbele ya watu kwamba mwanamke mzima anaogopa kuzaa mpira. Nalitaja hilo hapa kwa sababu nimejiahidi kuandika yote.

Wiki tatu kabla ya mitihani ya vitendo, yule mwenzake aliugua, kuugua kwa kweli. Mwalimu, ambaye alikuwa mkunga miaka kumi na sita kabla ya kuja kufundisha, alimbembeleza Bi Maumivu ukumbini. "Mama, ni siku moja tu. Nina wanafunzi kumi na mmoja, nitawaambia nini?" Bi Maumivu alitazama lile tumbo mezani muda mrefu. Kisha akainua mikono ili nimfunge mikanda.

Zoezi lilikuwa hivi: mama amejifungua saa moja iliyopita, anatokwa damu taratibu, yeye mwenyewe hajui. Mwanafunzi anatakiwa kushika tumbo, kupima presha, kuhesabu pedi, kutazama shuka na kutazama chini ya kitanda. Kisha aseme kwa sauti anachokiona, ili na mimi nyuma ya kioo nisikie.

Dakika ya nne maji mekundu yalikuwa yameshapita shuka na mpira wa kitandani, yakadondoka kwenye vigae. Mwanafunzi akayakanyaga, akateleza, akashika stendi ya dripu. Mimi ni mtu nisiyependa uchafu, na rangi ile ikikauka kati ya vigae haitoki hata kwa dawa. Nilitoka kwa mlango wa pembeni na tambara, nikainama, nikafuta, nikakamua kwenye beseni, nikarudi nyuma ya kioo. Nimefanya hivyo mara nyingi. Mimi ni hewa.

Dakika ya sita mwanafunzi alikumbuka kutazama chini ya kitanda. Aliinama, akaona vigae safi, akasema kwa sauti kama alivyofundishwa: "Damu kidogo. Naendelea kumwangalia."

Bi Maumivu akakaa kitandani. Alilishika lile tumbo kwa mikono miwili na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Si kidogo! Amefuta! Yule amefuta! Muulizeni amefuta kiasi gani!"

Alikuwa ananinyooshea kidole kupitia kioo.

Wanafunzi walicheka. Mmoja alipiga makofi akidhani ndiyo maelezo ya siku hiyo. Mwalimu aliingia, akawatoa wote nje, lakini mlango haukufungwa vizuri na kila mtu alisikia. "Mama, miaka mitatu! Leo ndiyo umesahau? Ukivaa lile tumbo wewe si wewe. Umempa jibu mdomoni!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sasa huyu nitamfundisha nini?"

"Nisamehe."

Nami nyuma ya kioo nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: "Dakika ya sita. Mgonjwa ametoka nje ya maelezo na kumpa mwanafunzi jibu. Zoezi limeharibika." Mwalimu alisoma, akasema nimwondoe kwenye ratiba ya mitihani. Nikamwondoa kwa rula na wino mwekundu. Kwamba mimi ndiye niliyefuta sakafu, sikuandika. Sikuwa nimeficha. Halikunijia hata akilini kwamba ni jambo la kuandikwa.

Mchana ule alibaki kunisaidia kufua shuka. Sikumwomba. Tulikuwa kwenye karo la nyuma, maji yakipita mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe.

"Kaka," akasema, "unajua ile ndoo aliyoisema wifi?"

Akanieleza. Nitaandika kama alivyosema, maana aliniruhusu baadaye.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya madaktari kupita wodini. Sista mkuu wa wakati huo alikuwa mkali wa sakafu: daktari akiingia, ajione kwenye kigae. Katika kitanda cha sita alikuwapo msichana aliyejifungua alfajiri. Bi Maumivu alikuta damu chini ya kitanda, akapiga deki. Alipofika kitanda cha kumi akatazama nyuma, akaona tena. Akarudi, akapiga deki. Yule msichana akamwambia, "Samahani mama, nakuchafulia." Akamjibu asijali, ndiyo kazi yake.

"Ulimwambia mtu?" nikauliza, na mara nikajuta kuuliza.

"Wiki moja kabla nilikuwa nimesema kuhusu mgonjwa mwingine, kwamba anatetemeka. Sista akaniuliza mbele ya wodi nzima, 'Wewe umesomea nini? Dekio?' Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka." Alikamua shuka mpaka tone la mwisho. "Nikajiambia, haya, mimi ni wa sakafu. Basi nikashika sakafu yangu. Nilifuta kila ilipodondoka, kaka. Nilikuwa hodari. Nikaenda kumwaga ndoo. Sista alipokuja, akatazama chini, pasafi. Akainua pembe ya shuka, akaona pedi moja. Nikamsikia anamwambia mwenzake aandike: damu kidogo."

Yule msichana alikufa kabla ya saa sita mchana. Hakuna aliyemuuliza mfagizi kitu. Mwisho wa mwezi ule kulikuwa na kikao cha wafanyakazi, na sista mkuu akasema wodi yao imesifiwa kwa usafi. Bi Maumivu aliitwa mbele. Walimpigia makofi, wakampa ndoo ya bluu yenye mfuniko.

"Niliipokea," akasema. "Kwa mikono miwili. Na nikapiga goti."

Bomba lilikuwa linadondoka na sikulifunga.

"Labda ilikuwa kidogo kweli," akasema baadaye. "Labda sista angeona vilevile. Miaka kumi na minne najiambia hivyo. Mimi nilikamua tambara mara tano. Mara tano ni nyingi au ni kidogo? Nitamuuliza nani? Nikimuuliza mtu, atataka kujua kwa nini nauliza."

Nilikuwa nawaza karatasi yangu juu ya meza, ile ya dakika ya sita, na kufuta kwangu kusikoandikwa.

Alipoanza kuanika alisema jambo ambalo sijalisahau. "Hapa kwenu mna dripu, mna mashine, mna daktari wa kuigiza, mna ndugu wa mgonjwa wa kuigiza. Mfagizi hamna. Wodi gani hiyo haina mfagizi? Nirudishe kwenye mitihani, kaka. Sitaki kulala. Nipe dekio. Nifute kama nilivyofuta, ninyamaze kama nilivyonyamaza, tuone kama kuna atakayeuliza. Ila Mwalimu usimwambie habari yangu."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Mwalimu na ile karatasi. Nilikuwa nimeongeza mstari, kwa wino uleule: "Dakika ya nne. Mtunza chumba alifuta damu sakafuni. Mwanafunzi hakuambiwa, hakuuliza." Hii ilikuwa mara ya kwanza jina la kazi yangu kuingia kwenye rekodi za chumba nilichokitunza miaka tisa. Mwalimu alisoma, akavua miwani.

"Kwa hiyo alichosema ni kweli."

"Ni kweli, Mwalimu. Nilifuta mimi."

"Na wewe ulimwandika yeye."

"Nilimwandika yeye."

Alikaa akizungusha miwani mkononi. "Unajua," akasema, "miaka kumi na sita nimezalisha. Sijawahi kumuuliza mfagizi chochote isipokuwa ufunguo wa stoo."

Hivyo mfagizi akaingia kwenye mtihani. Tulimwandikia karatasi yake: ingia dakika ya tatu, futa, kamua kwenye ndoo mara tatu, simama pembeni. Ukiulizwa, sema umekamua mara tatu. Usiseme usichoulizwa.

Siku ya mtihani alikuja amevaa sare yake ya zamani, imepigwa pasi, na mkononi alikuwa na ile ndoo ya bluu. Alikuwa ameibandua karatasi ya dukani. Yule mwenzake aliyepona ndiye aliyelala na tumbo.

Mwanafunzi wa kwanza alifanya kila kitu vizuri, akainama, akaona vigae safi, akasema, "Damu kidogo." Wa pili alimwambia mfagizi, "Mama, pisha kidogo." Wa tatu: "Utafagia baadaye, bwana." Wa nne hakumwona kabisa, alimgonga kwa kiwiko akaomba radhi kwa stendi ya dripu. Nilikuwa naweka alama za kukosa kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, na kila nikiweka nilijiona mimi.

Wa sita alikuwa msichana mpole, mwenye tabia njema kuliko wote. Aliinama, akatazama, akainuka akitabasamu. "Asante sana, mama," akamwambia Bi Maumivu. "Pamekuwa pasafi."

Bi Maumivu aliitikia kwa kichwa. Zoezi lilipoisha alitoka hadi ukumbini, akasimama uso ukielekea ukuta. Nilimfuata.

"Tuache?" nikamuuliza. "Nitasema unaumwa."

"Uongo huo watauamini, mimi nimezoea kuumwa," akasema bila kugeuka. "Ngoja wamalizike."

Wa mwisho alikuwa kijana anayeitwa Mchelewaji, kwa sababu zinazojulikana. Hata siku ile alikuja mbio akiwa amechelewa, na ndiyo maana aliwekwa mwisho. Alisahau glavu, akarudi kuzichukua, akavaa moja. Akadondosha pedi. Alimuuliza mgonjwa jina mara mbili. Nilishakata tamaa naye. Bi Maumivu aliingia na ndoo aliyokwisha kuimwaga, akafuta, akakamua mara tatu, akasimama pembeni. Mchelewaji akasogea, kiatu chake kikatoa mlio kwenye kigae chenye unyevu. Akatazama kiatu. Akatazama kigae. Akatazama ndoo.

"Samahani, mama," akasema. "Hapa ulikuwa unafuta nini?"

"Damu."

"Nyingi?"

Nilitazama saa ukutani. Zilipita sekunde kumi na nne. Bi Maumivu alikuwa ameshika mpini wa ndoo, midomo inatikisika kama mtu anayehesabu.

"Nilikamua mara tano, mwanangu," akasema. "Na sikumwambia mtu."

"Mara tano!" Mchelewaji akaruka kitandani, akashika tumbo, akapiga kelele za kuita msaada mpaka watu wa chumba cha pili wakatoka. Na glavu yake moja.

Baada ya kila zoezi tunakaa kwenye viti vilivyopangwa duara kuzungumza yaliyotokea. Siku hiyo walikaa wote kumi na mmoja. Mwalimu alikuwa na karatasi yangu mkononi, ambayo nilikuwa nimeandika: "Mfagizi amesema mara tano. Maelezo yanasema mara tatu." Nilisita kabla ya kuiandika, lakini niliona nikiacha nitakuwa nimefuta tena.

"Mama," Mwalimu akasema, taratibu, "hii tano imetoka wapi?"

Bi Maumivu hakuwa ameketi. Alisimama nyuma ya viti na ndoo yake, pale wanaposimama wafagizi kikaoni.

"Imetoka kitanda cha sita," akasema.

Akawaeleza. Kwa maneno machache kuliko aliyonieleza mimi, akitazama sakafu. Hata makofi ya kikao na goti alilopiga hakuviacha. Hakuna aliyecheka. Yule mwanafunzi wa sita, aliyemshukuru, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mchelewaji akauliza, "Angepona, mama?"

"Sijui. Mimi sijui kiasi. Niliimwaga." Akainua ndoo kidogo. "Hata hii naenda kuimwaga. Bomba liko wapi, kaka?"

"Usimwage," Mwalimu akasema.

Alichukua jagi la kupimia kutoka kabatini, lile lenye mistari, akaliweka mezani. Hakumwamuru mtu. Bi Maumivu mwenyewe alikuja, akamimina taratibu, mkono mmoja chini ya ndoo ili isidondoke hata tone. Wanafunzi walisimama kuzunguka meza. Maji mekundu yalipita mstari wa mililita mia tatu, wa mia nne, yakafika mia tano, na mia tano kila mwanafunzi wa uuguzi anaijua kama jina la mama yake: ukivuka hapo, mama yuko hatarini. Yakavuka. Yakasimama.

"Mia sita na themanini," Mwalimu akasoma.

"Hiyo ni mara tatu," Bi Maumivu akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mara tatu."

Alibaki ameinama juu ya jagi, ndoo tupu mkononi, akiitazama ile mistari mmoja mmoja kwenda juu. Nilikuwa na kalamu na karatasi, na hesabu ya kutoka mara tatu hadi mara tano ni ya shule ya msingi. Watu kumi na watatu tulikuwa tumeizunguka meza ile, na kila mmoja wetu alishaifanya kichwani. Hakuna aliyeisema. Nami, ambaye huandika kila kitu, sikuiandika.